Mumiani, Dracula na hema la Ebola

Ukiangalia filamu ya Dracula katika kibanda cha video pale Kasese, unaweza kufikiri wanyonya damu walitoka Ulaya. Hapana. Bram Stoker aliandika riwaya yake mwaka 1897, na sisi tulikuwa na wetu. Wakati wa ukoloni, watu wa pwani walisema mumiani, Kampala na Nairobi walisema wazimamoto, Katanga walisema batumbula. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi mengi ya namna hii katika kitabu kilichotoka mwaka 2000.

Tofauti ni hii. Dracula ana kiu yake mwenyewe. Mzimamoto wa hadithi zetu hanywi damu hata tone: ana bosi, mshahara, nguo za kazi na gari, na damu anaipeleka kwa waliomtuma.

Hofu hiyo ilikuwa na mahali pa kushika. Mwaka 1903, pale Entebbe, Aldo Castellani alitangaza kwamba amekuta vijidudu vya malale katika maji ya uti wa mgongo. Baadaye waganga wa serikali walipapasa watu shingo, wakawatoa damu, wakawachoma sindano mgongoni. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na sindano pia.

Hadithi ilirudi kwa nguvu Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018. Wengine walisema ukiingia hemani unatolewa viungo. Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mlipuko ule, mtoto aliyevuka kutoka Kongo, akiwa hospitali ya Bwera. Mpaka unaisha mwaka 2020, Kongo ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 2,200. Kuna waliokufa nyumbani kwa kuogopa hema, wakaacha wameambukiza waliowauguza.

Kule Beni shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki inayopitisha macho, viitwavyo CUBE. Mama alisimama nje, akamwona mwanawe, akaongea naye. Filamu ya kutisha inategemea mlango uliofungwa. Hapa mlango ulikuwa wazi.

Basi tusiwacheke wazee wetu kwa ajili ya mumiani. Waliuliza: nani ameshika sindano, ametumwa na nani, damu inaenda wapi? Hata leo, anayekuja kutupima huku ukimbizini aanze kwa kujibu hayo matatu. Akijibu vizuri, tumpe mkono.