Apareyi ileile, uwezo mpya: historia fupi ya famuwea

Tukitaka kununua apareyi ya picha tunauliza bei, lensi na pikseli. Ni wachache wanaouliza: programu ya ndani ni toleo gani, na nani anaweza kuibadilisha? Historia inaonyesha kama swali hilo lina uzito.

Neno famuwea lilitolewa na Ascher Opler, Marekani, mwaka 1967. Alitafuta jina la kitu kinachokaa katikati ya mashine yenyewe na programu za kawaida. Leo tunaita hivyo programu inayoamuru kifaa toka ndani: apareyi ipime mwanga namna gani, itafute fokasi wapi, iandike picha vipi kwenye karti.

Zamani programu za namna hiyo ziliandikwa kiwandani mara moja, basi, imeisha. Kukiwa na kosa, ilibidi kubadilisha chipu. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa kampuni Toshiba, Japani, alitangaza memori ya flashi, inayofutwa na kuandikwa upya kwa umeme. Ndiyo iliyomrahisishia mtu kusasisha apareyi yake mwenyewe, nyumbani.

Tuangalie Canon EOS 5D Mark II, ya mwaka 2008. Ilikuwa apareyi ya picha, lakini ilichukua pia video safi ya 1080p. Shida ilikuwa nini? Video ilitoka kwa picha 30 kwa sekunde tu, wakati watu wa sinema wanatumia 24. Tena mwanga apareyi ilijipangia yenyewe.

Mwaka 2009 Trammell Hudson hakungojea kampuni. Alianzisha Magic Lantern, programu ya bure inayokaa kwenye karti na kuongezea apareyi uwezo, kama kusimamia sauti. Juni mwaka huohuo Canon nayo ikatoa famuwea ya kuruhusu kupanga mwanga kwa mkono. Machi 2010 ikaongeza picha 24 na 25 kwa sekunde. Toleo hilo, 2.0.3, lilikuwa na kosa la sauti. Likaondolewa, na siku chache baadaye 2.0.4 likachukua nafasi yake. Mei 2010, Marekani, sehemu ya kufunga msimu wa sita wa tamthilia House ilionyeshwa. Ilikuwa imepigwa kwa 5D Mark II.

Lensi ileile, sensa ileile. Kumbe uwezo ulikuwa ndani tangu mwanzo, ulikosa ruhusa tu. Na ruhusa hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni, mpaka wenye apareyi walipoanza kusukuma.

Kwa sisi wenye kununua apareyi zilizokwisha kutumika, somo ni hili. Fungua menyu, usome namba ya toleo, uilinganishe na ile iliyo kwenye saiti ya kampuni. Chukua faili ya modeli yako kabisa, si ya ndugu yake. Soma toleo jipya linarekebisha nini. Batri ijae, na usizime kitu mpaka mwisho: ikikatika katikati, programu inabaki nusu na apareyi inaweza isiwake tena.

Famuwea haitakuza sensa wala kusafisha lensi yenye ukungu. Lakini kabla ya kutafuta mafranga ya apareyi mpya, tuulize kwanza kama ile tuliyo nayo imekwisha kutupa yote.