Akiba ya Mama wa Nyumbani

Akiba haiozi, walisema wahenga, nasi twakubali bila ya ubishi. Walakini wahenga hawakutuambia akiba hiyo iandikwe kwa jina la nani. Mume arudi jioni na mshahara wake; mke ameshinda nyumbani akipika, akifua, akilea watoto na kumwuguza mkwewe. Je, msomaji, ni nani kati ya hao wawili aliyefanya kazi? Mtu mwenye busara atajibu kwamba wote wawili. Lakini sheria nyingi za ulimwengu zilijibu kwa muda mrefu kwamba ni mmoja tu, yule apokeaye mshahara. Hebu tutazame jinsi jibu hilo lilivyogeuka katika nchi ya Marekani, hatua kwa hatua.

Mwaka 1935 Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Kwa sheria hiyo wafanyakazi wa viwanda na biashara walikatwa sehemu ndogo ya mshahara, waajiri wao wakatoa kiasi kama hicho, ili mfanyakazi atimizapo miaka 65 alipwe pensheni. Mke asiye na ajira hakuwekewa fungu lake. Mwaka 1939 sheria ikarekebishwa: mke wa mstaafu, naye akifika miaka 65, alipewe nusu ya kiasi cha mumewe, na mjane naye asisahauliwe. Hiyo ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, haki hiyo ilimfikia mke kwa kupitia mlango wa mumewe, na ndoa ilipovunjika mlango ulifungwa. Mwaka 1965 mtalaka alikubaliwa kupata sehemu, lakini kwa sharti kwamba ndoa iwe ilidumu miaka 20. Aliyeachwa katika mwaka wa kumi na tisa hakupata kitu kwa njia hiyo. Ni mwaka 1977 ndipo Bunge la nchi hiyo lilipoamua kulipunguza sharti hilo hadi miaka 10.

Wakati huo huo palizuka shida nyingine. Mwezi wa Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kukifunga kiwanda chake katika mji wa South Bend, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza pensheni waliyoahidiwa, wengine sehemu yake na wengine yote. Kilio chao kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolisukuma Bunge kutunga sheria ya kulinda pensheni, ambayo Rais Gerald Ford aliitia sahihi tarehe 2 Septemba 1974. Sheria hiyo ilianzisha pia akaunti ya akiba ya uzeeni ya mtu binafsi. Mfanyakazi asiyekuwa na pensheni ya mwajiri aliruhusiwa kuweka asilimia 15 ya mapato yake, isizidi dola 1,500 kwa mwaka, na fedha hizo hazikutozwa kodi ya mapato mpaka siku ya kuzitoa.

Na mama wa nyumbani je? Kipimo kilikuwa mshahara wa mtu mwenyewe. Asilimia 15 ya kitu kisichokuwapo ni sifuri. Basi aliyefanya kazi tangu alfajiri hata usiku hakuruhusiwa kuweka hata senti moja kwa jina lake.

Kasoro hiyo ilionekana upesi. Mwaka 1976 Bunge liliruhusu mume amwekee akiba mkewe asiye na mshahara, lakini jumla ya akiba yao wawili isizidi dola 1,750. Yaani mke aliongezewa dola 250 tu! Tena iliwapasa kugawana sawasawa, dola 875 kila mmoja, hata mume aliyekwisha zoea kuweka dola 1,500 akalazimika kupunguza yake. Mwaka 1981 kikomo cha mfanyakazi kilipandishwa kuwa dola 2,000. Wanandoa wenye mishahara miwili waliweza kuweka dola 4,000. Wenye mshahara mmoja, dola 2,250. Nyongeza ya mke wa nyumbani ilibaki dola 250 zile zile.

Mwanafunzi na achukue kalamu apige hesabu. Kanuni hiyo ilidumu miaka 15, tangu 1982 hata 1996. Nyumba yenye mishahara miwili iliweza kuweka dola 60,000. Yenye mshahara mmoja, dola 33,750. Tofauti ni dola 26,250, na faida ya miaka hiyo yote haijahesabiwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini aliyekatazwa kutia haba atajazaje?

Katika Seneti wanawake wawili walilishika jambo hili: Kay Bailey Hutchison wa Texas na Barbara Mikulski wa Maryland. Vyama vyao vilikuwa vikishindana, lakini hapa walisimama pamoja. Mwezi wa Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyompa mke asiye na mshahara kikomo sawa na cha mwenzake, yaani dola 2,000, kuanzia mwaka 1997. Mwaka 2013 akaunti hiyo ilipewa rasmi jina la Hutchison. Kufikia mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 7,000 kwa kila mmoja aliye chini ya miaka 50. Masharti ni kwamba wanandoa watoe hesabu ya kodi pamoja, na mapato ya kazi yao yasipungue jumla ya akiba waliyoweka. Mume abakiye nyumbani hupata haki hiyo hiyo.

Hapana budi tuseme pia upungufu wake. Sheria yaruhusu, hailazimishi. Na nyumba ambayo mshahara wake waliwa wote kabla ya mwisho wa mwezi haina cha kuweka. Lakini akiba ikishawekwa, akaunti ni ya mke kwa jina lake, wala mumewe hawezi kwenda kuitoa.

Nasi katika Kenya tumekutana na swali hilo kwa njia nyingine. Sheria yetu ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imeandika kwamba kazi ya nyumbani na malezi ya watoto ni mchango katika mali ya wanandoa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja hana budi kuuthibitisha mchango wake. Kwa hiyo kazi isiyo na mshahara sasa imo katika sheria, lakini yataka kuhesabiwa. Na Marekani yatufundisha kwamba kuihesabu kwaweza kuchukua muda mrefu: tangu sifuri ya mwaka 1974 hata usawa wa mwaka 1997 ilipita miaka 23, na wanawake wengi walizeeka wakingoja.