Kutoka Kisu hadi Bandeji: Historia Fupi ya Tiba ya Majeraha Madogo ya Ncha ya Kidole

Mwezi Machi 1847, mjini Vienna, Profesa Jakob Kolletschka alichomwa kidoleni kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti kwa uchunguzi. Jeraha lilikuwa dogo, lakini lilimuua. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, alipoyasoma matokeo ya uchunguzi wa mwili wake, aliona dalili zilezile za wanawake waliofariki kwa homa ya uzazi. Kuanzia Mei akawataka madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini. Kisa hiki husimuliwa kama sehemu ya historia ya uzazi. Makala hii inakisoma kama ushahidi wa jinsi jeraha dogo la kidole lilivyostahili kuogopwa.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kano zinazokunja vidole zimo ndani ya ala, na usaha ukiingia humo husafiri upesi hadi kitangani. Allen Kanavel wa Chicago alizieleza njia hizo kwa kina katika kitabu chake cha 1912 kuhusu maambukizi ya mkono. Kabla ya antibiotiki, aliyechelewa kutibiwa aliweza kupoteza kidole, mkono, au uhai.

Hofu ilipopungua, wapasuaji walipata ujasiri, na ujasiri ukazaa ufundi. Mwaka 1926 Gatewood alieleza jinsi ya kuifunika ncha iliyokatika kwa ngozi ya kitanga cha mkono. Tranquilli-Leali wa Italia (1935), kisha Atasoy na wenzake nchini Marekani (1970), walisogeza ngozi ya kidole chenyewe, iliyokatwa kwa umbo la herufi V. Jitihada hizo hazikuwa za bure: ncha ya kidole imejaa neva, na ndiyo humwezesha asiyeona kusoma nukta nundu. Hata hivyo, zilibeba dhana ambayo haikuhojiwa vya kutosha, kwamba jeraha lililoachwa wazi ni kazi isiyokamilika.

Dhana hiyo ilitikiswa na watoto waliobanwa vidole milangoni. B. S. Douglas aliandika kuhusu tiba isiyo ya upasuaji huko Australia mwaka 1972. Mwaka 1974 Cynthia Illingworth, daktari wa dharura katika hospitali ya watoto ya Sheffield, Uingereza, alieleza kwamba ncha zilizokatika mbele ya kiungo cha mwisho, zikisafishwa na kufungwa bandeji bila kushonwa, zilijijaza nyama na kurudia umbo lake, mara nyingi pamoja na ukucha. Si ajabu, kwa maoni yangu, kwamba jambo hili lilionekana vizuri katika chumba cha dharura: huko ndiko majeraha yaliyodhaniwa kuwa madogo mno kwa wapasuaji yalikobaki mikononi mwa waliobadilisha bandeji wiki baada ya wiki. Mwaka 2013 utafiti wa panya ulionyesha mchango wa seli shina za ukucha katika uotaji huo.

Hapa Kiswahili kinatudai uangalifu. Tunasema “kufunga kidonda” tukimaanisha kukizungushia bandeji, na pengine kuziba ngozi kwa nyuzi. Mzazi anayeambiwa kuwa kidole cha mwanawe “hakitafungwa” anaweza kuelewa kwamba mtoto amenyimwa tiba, ilhali ameoshwa jeraha, amekaguliwa mfupa, amepewa chanjo ya pepopunda, na anatakiwa kurudi kubadilishiwa bandeji. Katika maelekezo ya hospitali, “kushona” na “kufunga bandeji” viandikwe kwa majina yake.