Herufi Saba za Mwalimu Sontonga

Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo ulioimbwa na wanafunzi wake. Miaka 64 baadaye, usiku wa uhuru wa Tanganyika, tuni hiyo ilikuwa wimbo wetu wa Taifa. Wanafunzi wangu hulifahamu jina la Sontonga. Ni wachache wanaouliza aliuandika kwa chombo gani.

Aliuandika kwa solfa. Leo serikali zetu zinapotaja teknolojia ya kufundishia humaanisha kitu chenye kioo na betri. Solfa nayo ilikuwa teknolojia, na nathubutu kusema hakuna iliyoufikisha utunzi wa muziki kwa walimu wengi wa Kiafrika kuliko hiyo. Ilianzia Norwich, Uingereza, kwa Sarah Glover, mwalimu aliyetafuta njia ya kuwaimbisha watoto bila kuwachosha kwa nota za mistari mitano. Mchungaji John Curwen akaichukua, akaibadili, na kuanzia miaka ya 1840 akaieneza miongoni mwa watu wa kawaida. (Ndiyo maana vitabu humtaja Curwen kwanza. Mwanamke alibuni, mwanamume akachapisha.)

Nguvu yake ilikuwa unyenyekevu wake. Herufi d, r, m, f, s, l, t husimamia sauti saba, na d huanzia popote koo la mwimbaji linapostahimili. Muda hupimwa kwa nukta, koma na mistari wima. Herufi hizo zilipatikana katika kiwanda chochote cha uchapaji, ilhali nota za kawaida zilidai ufundi na gharama ya pekee. Darasani zilitosha chaki, ubao na sikio la mwalimu. Kinanda hakikuwa sharti. Wamisionari waliiona faida hiyo upesi, wakaisambaza Afrika Kusini na Madagascar ili waumini waimbe tenzi za Ulaya. Hawakukusudia zaidi ya hapo. Lakini anayejua kusoma herufi saba anajua pia kuziandika, na mnamo 8 Januari 1912 wimbo wa Sontonga ukaimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC.

Hata hivyo, chombo hicho kilitutoza. Solfa huandika vizuri kile ilichoundwa kukisikia. Midundo ya ngoma inayopishana haina mahali pa kukaa kati ya mistari yake. Ilimba ya Wagogo ina sauti inayoangukia kati ya vibonye viwili vya piano. Mwalimu aliyefunzwa solfa alilisikia hilo kama kosa la mwanafunzi, akalisahihisha. Misheni nyingi zilipiga ngoma marufuku. Hata pale zisipopigwa marufuku, karatasi haikuwa na namna ya kuzipokea. Hukwe Zawose alipofundisha Bagamoyo, muziki wa Kigogo ulipita mkononi na sikioni, na haukusubiri maandishi.

Kenya ilianza kugawa tableti katika shule za msingi mwaka 2016, na mjadala ukajikita katika umeme, wizi na bei. Hayo ni ya msingi. Lakini fungua programu ya kawaida ya kutungia muziki kwenye simu yako: utakuta mapigo manne manne yamekwisha pangwa, na kinanda chenye sauti 12 zilizogawanywa sawasawa. Baadhi ya programu huruhusu kuzirekebisha sauti hizo, ila mpangilio umefichwa ndani kabisa, mahali ambapo mtoto wa darasa la tano hatafika peke yake na mwalimu wake hakufundishwa kufika. Atakachofanya ni kuisahihisha ilimba, kama babu yake alivyosahihishwa, safari hii bila kiboko.

Ndugu zangu mnaoandaa hati za zabuni wizarani, sifa za vifaa huandikwa na nyinyi: ukubwa wa kioo, muda wa betri, uwezo wa kumbukumbu. Ongezeni mstari mmoja unaodai kwamba mwalimu aweze kupanga sauti upya kulingana na ala ya mahali alipo, na kwamba afundishwe kufanya hivyo kabla ya maboksi kufunguliwa.