Utunzaji wa Wajawazito Isiolo

Kwa vizazi vingi, wajawazito wa jamii za wafugaji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, wakiwemo Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wasomali, walitunzwa na wakunga wa jadi. Mkunga alipapasa tumbo kwa viganja kujua mtoto amelalaje, kisha akamzalisha mama nyumbani. Mama alipovuja damu nyingi au kupatwa na kifafa cha mimba, hospitali ilikuwa mbali. Vita vya Shifta, kati ya serikali ya Kenya na waasi waliotaka kujitenga, vya 1963 hadi 1967, vilizidisha dhiki: Waborana wengi walipoteza mifugo, na pamoja nayo maziwa na nyama.

Ili kupunguza hatari kama hizo za uzazi, mwaka 1987 mkutano wa kimataifa jijini Nairobi ulizindua kampeni ya uzazi salama. Juni 2013, Kenya iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na mpango huo baadaye ukaitwa Linda Mama. Kliniki za wajawazito hupima damu, mkojo na shinikizo la damu, na hutoa vidonge vya kuongeza damu na chanjo ya pepopunda. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito aonwe mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 za mimba kupita.