Baiskeli na Muziki wa Kelele Nairobi: Vile Utafika kwa Shoo na Kurudi Keja Ukiwa Mzima

Wikendi ikifika, kuna wasee Nairobi hawatafuti amapiano wala gengetone. Wanapiga tairi pampu, wanavaa rifleta na kukanyaga hadi chumba fulani kidogo penye spika zinalia kama posho mill imemeza msumari. Huo ni muziki wa kelele, ama noizi, vile mabeshte wa hiyo base huuita. Mtu akienda mara ya kwanza hudhani fundi wa sauti amelala. Hajalala, hivyo ndivyo ilipangwa.

Baiskeli na noizi zimezoeana juu ya doo na saa. Shoo za hivi hazina sponsa mkubwa, kiingilio huwa cha chini, na ngoma inaeza isha saa nane usiku. Hiyo saa mat ni za kuhesabu, fare imepanda, na teksi ya kuitisha na simu inaeza kula pesa kuliko hata kiingilio chenyewe. Baiskeli inafuta hiyo hesabu yote. Lakini inaleta ingine ambayo wengi hawajawahi piga: unatoka kwa chumba chenye kelele ya kuziba masikio, alafu dakika tano baadaye uko Waiyaki Way gizani, ukitegemea hayo masikio yakuambie kuna gari nyuma.

Tutafika hapo. Kwanza ujue unaenda kuskiza nini.

Noizi ni nini hasa

Ni muziki ambao sauti zile watu hufukuza kwa studio ndizo zinafanywa ngoma yenyewe: mkwaruzo, mngurumo, ule mlio wa maiki ikikaribia spika, redio ikikosa stesheni. Saa zingine kuna gita, drum na msee anapiga nduru. Saa zingine ni mtu mmoja na meza, miksa, pedeli za gita na waya kibao.

Si kitu ya jana. Mwaka wa 1913 mchoraji wa Italia, Luigi Russolo, aliandika kwamba mashine na miji mikubwa zimeleta sauti mpya na muziki lazima uzikubali. Akaunda masanduku yenye tarumbeta za kutoa ngurumo na milio. Mwaka huo huo, huko Paris, Marcel Duchamp alichukua gurudumu la baiskeli akalifunga juu ya stuli. Nusu karne baadaye, 1963, Frank Zappa akiwa kijana hajulikani aliingia kwa shoo ya TV ya Steve Allen Marekani akapiga baiskeli kama ala ya muziki, spoku na yote. Kwa hivyo msee akikuletea za ovyo ati cheni yako inapiga kelele, mwambie iko na historia. (Alafu uipake mafuta, tafadhali.)

Japan ndio ilipeleka hii kitu mwisho. Masami Akita, anayejiita Merzbow, alianza 1979 na ametoa albamu nyingi hadi mashabiki wake wenyewe hupoteza hesabu.

Huku kwetu jina la kwanza kujua ni Duma. Martin Khanja na Sam Karugu walitoka kwa bendi za metali za Nairobi, wakatoa albamu ya *Duma* mwaka wa 2020 chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina ni neno la Kikuyu la giza. Hapana, si ile nduma ya kula na chai. Drum zake zinakimbia kuliko moyo wako, na Khanja hapo juu anapiga nduru kama mtu nyumba yake inachomeka. Baadaye Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa *The Adept* mwaka wa 2024.

Slikback naye hana gita. Ngoma zake ni besi nzito na midundo imevunjwavunjwa, na ziliingia kwa masikio ya Ulaya kuanzia 2018 na *Lasakaneku*. KMRU, mjukuu wa yule mwanamuziki mkongwe Joseph Kamaru, yuko upande mtulivu. Yeye hurekodi sauti za mahali, mtaa, upepo, mashine, na kuzinyoosha polepole. *Peel* yake ya 2020 ndiyo ningempea mtu anayeogopa noizi. Duma ningempea mtu amekasirika na landlord.

Kwa nini hupati bango

Shoo nyingi hutangazwa kwa vikundi vya simu, na saa zingine mahali panatajwa dakika za mwisho. Si maringo. Sheria ya NEMA ya kelele ya 2009 inasema kuanzia saa mbili na dakika moja usiku, kiwango cha kelele maeneo ya watu kuishi na hata ya biashara ni desibeli 35. Watu wawili wakipiga story ya kawaida tayari wamepita hapo. Kuna leseni ya kuomba ya kupita kiwango, lakini mtu anaandalia watu 40 kwa godown mara nyingi hana ganji wala subira ya hiyo shughuli. Alafu Novemba 2022 county ya Nairobi ikasema hakuna leseni za klabu kwa mitaa ya watu kuishi. Jirani alikuwa na haki ya kulala, hilo sipingi. Ila waliosukumwa zaidi ni wadogo, si wenye klabu kubwa. Ndio maana saa zingine noizi hujificha ndani ya sehemu zenye tayari ziko sawa kisheria, kama vituo vya utamaduni tao ama sehemu za muziki wa kielektroniki Westlands, pale Santuri wamekuwa wakifunza vijana kutengeneza hizi sauti.

Kwenda ni mlima, kurudi ni mteremko

Nairobi inainuka ukienda magharibi. Msee wa Umoja ama Donholm anayeenda shoo Westlands anapanda karibu njia yote, na Museum Hill itakuonyesha kama ulikula lunch. Jipange na muda ufike ukiwa umepoa, si ukitoa jasho kwa mlango. Usiku ukirudi, hiyo barabara inakuwa mteremko: spidi ya bure, macho yamechoka, mashimo hayaonekani. Kwa hivyo breki zipimwe kabla ya kutoka keja. Fundi yeyote wa mtaa atakaza waya na kubadilisha raba kwa bei ya chapo madondo.

Expressway isahau, baiskeli haziruhusiwi huko juu. Utapita chini, pamoja na matrela. Thika Road ina njia ya baiskeli, lakini usiku utaigawa na nduthi zinakuja upande wako bila taa. Tao kuna laini zilichorwa Kenyatta Avenue na Muindi Mbingu, na mchana utakuta mtu ameziegeshea gari. County iliandika kwa sera yake ya 2015 kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waendao kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Ukipita barabarani utajionea mwenyewe kama ilienda.

Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kitu cha kung'aa mgongoni. Msifunge shoo kila mtu na njia yake: kabla ya ngoma ya mwisho uliza nani anaelekea upande wako, mtoke kama watatu au wanne. Kama hujazoea kuendesha na watu, Critical Mass ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mahali poa pa kujifunza, inapigwa mchana na hakuna mtu wa kukucheka.

Kufunga baiskeli: pita kwa fremu na gurudumu la nyuma, kwa chuma ambacho hakiwezi ng'olewa. Salimia soja, muulize jina, umwachie kitu kidogo ukiingia, si ukitoka. Soja ambaye ashakujua kwa jina huangalia baiskeli tofauti kabisa. Taa zako toa, ingia nazo.

Masikio, na hapa usiruke

Kipimo kinachotumika na watu wa afya kazini kinasema desibeli 85 masikio yanavumilia saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, ambayo shoo ya noizi inafikia bila kutoa jasho, uko na dakika 15. Shoo ni ya saa tatu.

Ukizidisha, chembe ndogo za ndani ya sikio zinachoka. Unatoka nje dunia imefunikwa na blanketi, kuna filimbi kichwani, na beshte anaongea kama yuko chini ya maji. Wengi hucheka, wanaichukua kama stempu ya kuonyesha walikuwa. Mara nyingi inaisha baada ya siku moja hivi. Lakini shida yako haiko kesho, iko sasa hivi, juu una kilomita kumi na kitu za giza. Mngurumo wa probox, tairi kwa lami, honi ya mbali, zote zimepungua. Na siku hizi nduthi za stima zimejaa. Hizo hata ukiwa na masikio fiti unazisikia zikiwa zimekufikia.

Dawa ni viziba masikio. Vile vya sponji unavifinyanga, unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, unangoja vifure. Vikipunguza desibeli 15 tu, ile 100 inakuwa 85, na dakika 15 zako zinageuka saa 8. Tishu na pamba ni kujidanganya. Vaa kabla spika ziwashwe, na uvitoe kabla hujapanda baiskeli. Kuna wasee husahau, wanakanyaga navyo hadi Pangani.

Kila nusu saa toka nje dakika kumi. Usisimame mbele ya spika ati ndio unaskia vizuri, karibu na fundi wa sauti ndiko mchanganyiko umewekwa sawa. Na kama umetoka masikio yamefunikwa, usikimbilie barabara kubwa. Kaa nje, kunywa maji, tembeza baiskeli na mkono hadi usikie story za watu vizuri. Ukianza kukanyaga, angalia nyuma mara mbili kwa kila kona. Umekunywa? Iache kwa soja, urudi kuichukua asubuhi.

Ile filimbi ikiwa bado iko kichwani Jumatatu, enda hospitali uitishe kipimo cha masikio, na uwaambie ukweli ulikuwa wapi.