Tathmini ya ufundishaji wa tiba

Tathmini ya ufundishaji wa tiba hupima jinsi mkufunzi anavyomfikisha mwanafunzi kwenye utendaji salama. Dodoso la wanafunzi peke yake halitoshi: mwaka 1970 huko Marekani mwigizaji aliyetambulishwa kama Dkt. Fox alitoa mhadhara mtupu mbele ya wataalamu, nao wakamsifu. Kweli, wanafunzi ndio wanaojua kama mkufunzi hufika darasani, na hilo waulizwe. Lakini umahiri wa wanafunzi wenyewe huonekana kazini. Huko Ituri, mkoa wa Bunia na Mambasa uliofikiwa na Ebola ya 2018–2020, kipimo kiko mikononi: je, mwanafunzi huvua glavu bila ngozi yake kugusa upande wa nje? Darasa zima likikosea hatua hiyohiyo, mkufunzi ahojiwe, ingawa uhaba wa glavu za mazoezi uhesabiwe kwanza.